Kioo cha pili cha Shangazi

Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA, TANGA

*Jumamosi*

*Shangazi Mwanahawa, 20:14:* Hamjambo wanangu. Salim upo? Ile monita ya mtumba nimeichomeka kwenye laptopu, imeandika "No signal" halafu ikazima. Imebaki taa ya njano tu. Mgao wa kikoba ni Jumapili ijayo na daftari lote bado liko kwenye picha.

*Salim, 20:21:* Shikamoo Shangazi. Nipo.

*Shangazi Mwanahawa, 20:21:* Marahaba mwanangu.

*Baba Salim, 20:23:* Mwanahawa, si ndiyo ile laptopu Salim aliyokuwekea mfumo wa Linux? Labda haikubali vioo viwili.

*Salim, 20:25:* Inakubali Baba, tena bila kuongeza programu yoyote. Shangazi, tujue kwanza kama kompyuta inaiona monita. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, litafunguka dirisha la amri. Andika `xrandr`, amri ya kuorodhesha vioo, halafu Enter. Nipigie picha kinachotokea.

*Shangazi Mwanahawa, 20:31:* 📷

*Salim, 20:34:* Sawa. eDP-1 ni kioo cha laptopu yenyewe, kimeandikwa connected. HDMI-1 imeandikwa disconnected, yaani kompyuta haijui kabisa kama kuna kitu umechomeka. Usiguse mipangilio, hapo utapoteza usiku bure. Shida iko kwenye waya. Umeunganishaje?

*Zuhura, 20:36:* Kaka, adapta nilinunua mimi. Monita ina tundu la picha la zamani, VGA, peke yake, laptopu ina la kisasa, HDMI. Pini za adapta zimeingia nyuma ya monita, kisha waya wa HDMI mpaka kwenye laptopu. Muuzaji alisema inakwenda pande zote.

*Salim, 20:37:* Imeandikwaje mgongoni?

*Zuhura, 20:39:* VGA to HDMI. Ina pia kiwaya cha USB.

*Salim, 20:43:* Ndiyo hiyo. Inatoa picha kwenye kompyuta ya zamani yenye VGA na kuipeleka kwenye tivii ya HDMI. Sisi tunataka kinyume chake. HDMI ni dijitali, VGA ni analogi, na kile kichipu cha ndani kinatafsiri kuelekea upande mmoja tu. Kairudishe kesho, chukua iliyoandikwa HDMI to VGA. Utaijua kwa umbo: pini za HDMI zinachomoza ziingie kwenye laptopu, na tundu la VGA linapokea waya wa monita.

*Zuhura, 20:44:* Samahani Shangazi.

*Shangazi Mwanahawa, 20:45:* Hujakosea mwanangu, uliambiwa hivyo.

*Jumapili*

*Shangazi Mwanahawa, 16:02:* IMEWAKA!!! Ila vioo vyote vinaonyesha kitu kilekile.

*Bibi, 16:04:* 🎤 0:41

*Zuhura, 16:05:* Bibi anauliza umekula, Shangazi.

*Shangazi Mwanahawa, 16:06:* Nimekula mama, wali na samaki.

*Salim, 16:10:* Nenda Menu, System Settings, kisha Display. Pameandikwa Mirror displays, zima hapo. Bonyeza Apply, ikikuuliza kama ubaki hivyo, kubali haraka, ukichelewa inarudi ilivyokuwa.

*Shangazi Mwanahawa, 16:17:* Vimetengana. Lakini mausi haivuki. Nasukuma kushoto mshale unagonga pembeni kama kuna ukuta.

*Salim, 16:18:* Monita umeiweka upande gani wa laptopu?

*Shangazi Mwanahawa, 16:18:* Kushoto, ndiko kwenye soketi.

*Salim, 16:22:* Kompyuta inadhani iko kulia. Palepale Display kuna vibati viwili vyenye namba. Kishike cha monita, kiburute mpaka kikae kushoto kwa kingine, Apply tena.

*Shangazi Mwanahawa, 16:29:* Sasa unavuka ila si kila mahali. Juu kwenye monita unakwama.

*Salim, 16:34:* Kwa sababu havilingani urefu. Laptopu yako ni 1366 kwa 768, monita ni 1280 kwa 1024, kwa hiyo kuna nukta 256 ambazo upande wa pili hazina jirani. Sogeza kibati juu au chini mpaka mshale uvuke pale macho yako yanapoutarajia. Angalia vioo vilivyokaa mezani, usiangalie vibati.

*Shangazi Mwanahawa, 16:41:* Hapo hapo! Umeme ukikatika nitaanza upya?

*Salim, 16:44:* Hapana, ulichopanga kwenye Display kinahifadhiwa. Ningekupangia kwa amri ya `xrandr` ndiyo ingepotea ukizima. Na ukitaka kuhamisha dirisha zima, shika Shift na kile kitufe cha Windows, kisha mshale wa kushoto.

*Baba Salim, 16:46:* Umefanya vizuri Salim.

*Shangazi Mwanahawa, 21:50:* Wanangu, picha za daftari ziko kushoto, Calc, ile programu ya majedwali ya hesabu, iko kulia. Shingo haijauma. Nimemaliza Januari mpaka Aprili. Machi kuna mama mmoja alinunua hisa tatu, mimi nilimwandikia mbili. Nilikuwa nakariri namba huku nabadilisha madirisha, ikanitoka. Yule anategemea mgao huu kwa ada ya mtoto.

*Bibi, 21:53:* 🎤 0:12

*Zuhura, 21:54:* Bibi anasema mwambie usiku huuhuu, asilale na hesabu pungufu.

*Shangazi Mwanahawa, 21:55:* Nampigia.