Warsha ya vitenzi: mwenye data za Pemba aanzie wapi?

Mwalimu wa Wete ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli ya sekondari huku Wete, na kwa mwaka wa pili sasa ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu vitenzi vinavyoeleza mkao na hali ya mwili, kama vile kulala, kusimama, kukaa kitako, kuinama, kuegemea na kuvaa, na namna vitenzi hivyo vinavyopokea kiambishi -me-. Nimerekodi kwa simu mazungumzo ya wazee wa Kojani, Konde na Micheweni, jumla ya saa kumi na moja na ushei, na sehemu kubwa nimeshaiandika.

Wiki iliyopita nilikutana na tangazo la warsha ndogo ya siku mbili, huko Ulaya, inayohusu sarufi na maana ya vitenzi. Wanataka ikisiri ya kurasa mbili isiyokuwa na jina la mwandishi. Msimamizi wangu, kwa upande wake, ananishauri niipeleke kazi hii katika kongamano kubwa la Kiswahili, ambako anasema nitapata wasikilizaji wengi zaidi na nitafahamika. Je, warsha za namna ile ni za watu kama sisi, au ni baraza la wenye nadharia zao ambao Kiswahili kwao hutajwa katika tanbihi tu? Na ikisiri ya kurasa mbili huanzia wapi, ilhali mimi nina sura nne? Rasimu niliyonayo ina kichwa "Vitenzi vya Mkao katika Lahaja ya Kipemba", na ukurasa wa kwanza wote unaeleza historia ya lahaja. Naomba wenye uzoefu mnieleze ukweli bila ya kunionea haya.

Maalim wa Ng'ambo amejibu:

Wa alaykumu salaam, mwalimu.

Msimamizi wako hakukosea, ila kongamano kubwa na warsha ndogo hazifanyi kazi moja. Kongamano la Bayreuth, Ujerumani, ambalo limekuwa likiwakutanisha wataalamu wa Kiswahili tangu miaka ya 1980, hupokea fasihi, isimu, historia na utamaduni kwa pamoja, na mtu huweza kuzungumza kwa Kiswahili kuanzia salamu mpaka shukrani. Makongamano ya BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, hapa kwetu na yale ya CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, yana upana huo huo. Kongamano la dunia la isimu ya lugha za Kiafrika, ambalo wengi hulijua kwa kifupi chake WOCAL, lilianza mwaka 1994 Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini, na mwaka 2024 lilifika Nairobi baada ya kupita miji kama Addis Ababa, Cologne, Kyoto na Rabat. Huko utajuana na watu, na hilo si dogo. Lakini anayekusikiliza huenda ametoka sasa hivi kusikiliza toni za Kiyoruba na dakika ishirini baadaye anakwenda kusikiliza sera ya lugha, kwa hivyo usitarajie akuulize kwa nini "amesimama" haifanani na "amefika".

Katika warsha ndogo hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Mwaka 2005, kwa mfano, ilifanyika warsha ya namna hiyo Saarbrücken, Ujerumani, juu ya sifa na matabaka ya vitenzi, na iliwaweka pamoja watu wa isimu, wa saikolojia ya lugha na wa kompyuta. Kila mmoja alikuja na haja yake: huyu anataka kujua kitenzi kinadai vijalizo gani, yule anataka kujua akili inakihifadhi vipi, na wa tatu anataka mashine ikitambue. Mikutano ya nadharia moja nayo ina tabia hiyo. Mkutano wa kila mwaka wa LFG (Lexical-Functional Grammar), ambayo ni moja kati ya nadharia za sarufi, ulianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1996, na makala zake husomwa bure mtandaoni. Zisome kabla ya kuandika chochote, kwani utaona watu wale wanabishana kuhusu nini.

Kuhusu hofu yako ya tanbihi, nakuondoa wasiwasi. Lugha za Kibantu zimo katikati ya elimu hii. Mwaka 1990 mwanaisimu wa Marekani Joan Bresnan na Mtanzania mwenzetu Lioba Moshi walichapisha makala juu ya vitenzi vyenye yambwa (shamirisho) mbili, na hoja yao ilisimama juu ya Kichaga cha Vunjo, Kilimanjaro. Chukua sentensi "Mama alimpikia mtoto wali." Kwa Kiswahili tunasema "Mtoto alipikiwa wali", lakini "Wali ulipikiwa mtoto", kwa maana ile ile, masikio ya wengi wetu huikataa. Katika Kichaga hicho yambwa zote mbili zina haki ya kuwa kiima cha kauli ya kutendwa. Tofauti hiyo moja, ambayo mtoto wa Marangu anaijua bila ya kusomeshwa, iliwalazimisha wananadharia kuzigawa lugha za Kibantu katika makundi mawili na kutafuta sababu. Kabla ya hapo, mwaka 1987, Bresnan na Sam Mchombo wa Malawi walikuwa wameshafanya kazi kama hiyo juu ya upatanisho katika Kichewa.

Sasa ikisiri yako. Futa ukurasa wote wa historia ya lahaja, kisha anza na sentensi mbili. Mtu aliyekwisha kuwa wima tunasema "amesimama", na yule ambaye ndiyo kwanza anainuka tunasema "anasimama". Kwa hivyo -me- hapa inaeleza hali iliyopo sasa, wala haielezi tendo lililopita tu. Mwanafalsafa Zeno Vendler, mwaka 1957, aliwagawia wenzake vitenzi katika makundi manne: hali, shughuli isiyo na ukomo, tendo linalochukua muda mpaka likatimia, na tendo linalotimia kwa mara moja. Mgawo huo ulitokana na Kiingereza, ambacho kwa mtu aliye wima hutumia umbo la tendo linaloendelea. Lugha yetu inaonekana kuvihesabu vitenzi vya mkao kuwa ni kuingia katika hali, na -me- ndiyo inayotuonesha kwamba mtu ameshaingia na hajatoka. Tazama na "kukaa". "Anakaa Wete" ni makaazi, "anakaa kitako" ni mtu anayeteremka kwenye mkeka, "amekaa kitako" ni mtu aliyekwisha tulia. Umbo la kitenzi ni lile lile, ila tabia zake ni mbili. Mwenye kuisoma ikisiri kama hiyo hatajali kama unatoka Wete au Boston.

Bint Makunduchi amejibu:

Naunga mkono aliyoyasema Maalim, na naongeza jambo moja lililonifika mwenyewe.

Warsha yangu ya kwanza nilikwenda na mada iliyoitwa "Kauli za Vitenzi vya Kiswahili". Nilipewa dakika ishirini, nikatumia kumi na nne kuzieleza kauli moja baada ya moja kama ninavyowasomesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ulipofika wakati wa maswali, bibi mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole: "Mlango umefunguka" na "mlango umefunguliwa" zinatofautiana nini, na umejuaje? Nilimjibu kwamba mimi ni mzaliwa wa lugha. Ukumbi ulinyamaza. Halikuwa jibu baya kwa sababu ni uongo, maana ni kweli, bali kwa sababu halimpi msikilizaji kitu cha kukishika. Jibu nililopaswa kuwa nalo ni kwamba "umefunguliwa na Asha" inakubalika na "umefunguka na Asha" haikubaliki, na kwamba "umefunguka wenyewe" ni ya kawaida ilhali "umefunguliwa wenyewe" inagongana. Majaribio mawili mafupi, basi. Nilikuwa nayo kichwani siku zote na sikujua kuwa ndiyo ushahidi.

Kwa hivyo, mwalimu, saa zako kumi na moja ni hazina, lakini ndani yake hamna sentensi ambazo wazee wanazikataa, kwa kuwa hakuna aliyezisema. Inakupasa urudi Konde na Kojani na sentensi ulizozitunga wewe. Ziweke katika mazingira, kwa mfano: "Unapita njiani, unamuona mtu yuko wima mlangoni tangu ulipokwenda sokoni; utasemaje?" Andika ni wangapi walikubali, wangapi walikataa na wangapi walisita. Wanaosita usiwatupe, mara nyingi ndio wenye habari. Usiwaulize wazee kama sentensi "ni sahihi", kwani watakupa Kiswahili cha redio na cha skuli, watakuonea haya wewe mwalimu, na lahaja yao itabaki uani.

Na kila mfano uuandike kwa mistari mitatu: maneno yenyewe, uchambuzi wa mofimu moja moja, kisha tafsiri. Ziko kanuni za Leipzig zinazofuatwa na karibu kila mtu. Msomaji asiyejua Kiswahili ataiona -me- yako pale pale ilipo.

Msafiri wa Mkoani amejibu:

Mimi nitasema ya safari tu, maana wenzangu wamekwisha maliza ya elimu.

Ikisiri yako ikikubaliwa, omba barua ya mwaliko siku hiyo hiyo. Viza ya nchi za Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku kumi na tano kabla, lakini ukingoja hizo siku kumi na tano umejitafutia balaa, kwa sababu maombi hushughulikiwa Dar es Salaam na wewe uko Pemba; kuna boti, kuna foleni, na kuna karatasi moja ambayo daima husahaulika nyumbani. Waandikie waandaaji mapema uwaulize kama wana msaada wa nauli au msamaha wa ada kwa wanafunzi. Si aibu, na wengi wao huwa wametenga fungu kwa ajili hiyo. Uliza pia kama wanapokea uwasilishaji kwa njia ya mtandao au kwa bango. Bango watu hulidharau huku kwetu, lakini mbele ya bango unazungumza na mtu mmoja mmoja kwa saa nzima, na mwenye swali zito hukuuliza bila ya kutazama saa.

Jambo jingine, iko skuli ya isimu ya Afrika ambayo huwasomesha vijana wa bara hili sintaksia, semantiki na fonolojia katika nchi za Kiafrika zenyewe. Ya kwanza ilifanyika Ghana mwaka 2009, kisha ikaenda Benin na Nigeria. Kama warsha ya Ulaya itakushinda kwa nauli, ifuatilie hiyo.

Mwalimu wa Wete amejibu:

Shukran jazila, Maalim, dada yangu wa Makunduchi na ndugu wa Mkoani.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilirudi Konde siku ya Jumamosi, na dada, mambo yalikuwa kama ulivyosema. Nilipouliza "ni sahihi?", mzee wa kwanza alinipa Kiswahili cha taarifa ya habari. Nilipoacha kuuliza na kuanza kusimulia visa, wote wanne walisema "kasimama" na "kalala", si "amesimama" wala "amelala", na walikusudia hali iliyopo sasa. Halafu mtoto mmoja alipita miguu mitupu, na mzee akasema bila ya kuulizwa, "Huyu hakuvaa viatu." Nilishituka kidogo. Skulini nasomesha kwamba "hakuvaa" ni ukanushi wa wakati uliopita, kisha mtu mwenye miaka sabini ananieleza kwa umbo hilo miguu ninayoiona kwa macho yangu. Ikiwa ndivyo, basi hali hii inaonekana katika ukanushi pia, na rekodi zangu nilikuwa nimezipita bila ya kuliona.

Jaribio nililolichagua ni neno "bado". Wote walikubali "bado kalala" na "bado kasimama", na wote walicheka niliposema "bado kafika". Ikisiri sasa inaanza hivi: "Katika mazungumzo ya Pemba Kaskazini, umbo la kitenzi linaloeleza tendo lililotimia huweza kufuata neno bado pale tu ambapo kitenzi kinaeleza hali inayoweza kukoma." Kichwa nimekibadilisha. Historia ya lahaja imebaki na mistari miwili. Je, sentensi hiyo inabeba mzigo au nimeifupisha kupita kiasi?

Maalim wa Ng'ambo amejibu:

Inabeba. Ila "hali inayoweza kukoma" wataivamia, kwa hiyo tafuta kitenzi ambacho hali yake haikomi uone kama "bado" inakikataa. Jaribu "kufa" na "kuzeeka".

Na kwa kuwa uko Pemba, jaribu "kapanda mkarafuu". Nataka kujua kama mzee wako, akiambiwa "bado kapanda mkarafuu", atamuelewa aliyeuotesha mche, au atatazama juu mtini kumwita mchumaji ashuke.