Waifai ya ukumbi wa watu 300 inakwama, Tanga

Raskazone: Wakuu, habari za kazi. Ukumbi wa chuo una viti 300 na vifaa viwili vya waifai darini. Mtihani wa mtandaoni ukianza, simu zinaonyesha mawimbi yamejaa, lakini ukurasa haufunguki. Tuongeze kasi ya intaneti?

Fundi Ngamiani: Usinunue kasi kwanza, mkuu. Simu zote hupokezana zamu hewani, na hapo ndipo foleni ilipo. Funga vifaa sita, kila kimoja kibebe watu 50 hivi, kwenye masafa ya GHz 5. Upana wa chaneli, yaani njia ya hewani ya kila kifaa, uwe MHz 20; ukiweka 80, chaneli zinaisha na vifaa vinagongana. Nguvu ya kurusha ishushwe. GHz 2.4 iwake kwenye vifaa vitatu tu, chaneli 1, 6 na 11. Zima pia kasi za chini za Mbps 1 na 2, maana simu moja ikiongea polepole wote wanaisubiri.

Angalia vilevile anwani, yaani namba ambazo mtandao hugawia kila simu au laptopu: mpangilio wa /24 unatoa 254 tu. Simu na laptopu za watu 300 ni 600, kwa hiyo weka /22, yenye nafasi zaidi.

Chumbageni: Swichi nayo, kile kisanduku kinachopeleka mtandao na umeme kwenye vifaa kupitia kebo. Vifaa sita vya wati 30 ni wati 180. Swichi ya wati 120 itaacha vingine bila umeme. Kati ya majengo pitisha faiba (kebo ya nyuzi za kioo): kebo ya shaba mwisho mita 100, na radi ya masika huifuata hadi kwenye swichi.

Kwa vifaa vya nje, chumvi ya bahari ndiyo adui. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini za plagi, kata plagi hiyo uibane mpya, na kebo ining'inie chini kidogo kabla ya kuingia, maji yadondoke hapo.

Raskazone: Shukrani, wakuu. Naanza na anwani leo.