Naomba ushauri: wanafunzi wanasema Trump alikuwa sahihi kututukana

Habari zenu wakuu. Nasimamia klabu ya mdahalo, kidato cha tatu na cha nne. Mada yetu ni nchi ikitukanwa na kiongozi wa nje ijibu vipi, na mfano ni yale matusi ya Januari 2018, Donald Trump aliporipotiwa kuzitukana Haiti na nchi za Afrika kwenye kikao cha kujadili uhamiaji. Yeye alikana.

Majibu yalikuwa mengi. Botswana ilimwita balozi wa Marekani ajieleze. Senegal nayo ikamwita balozi wa Marekani aliyeko kwake. Umoja wa Afrika ulitaka radhi, na mabalozi wa Afrika Umoja wa Mataifa wakatoa tamko la pamoja (jambo ambalo si rahisi kwa nchi 54). Haiti ndiyo inayoniuma zaidi: kesho yake walikuwa wanakumbuka wafu wa tetemeko la 2010.

Lakini Museveni alisema anampenda Trump kwa kuwa anawaambia Waafrika ukweli. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi waliposimama. Wanasema barabara mbovu, hospitali hazina dawa, tukasirike nini?

Sitaki kuwanyamazisha, maana shida wanazozitaja wanaziishi. Ila naumia kuona mtoto anakubali kudharauliwa kana kwamba ni haki yake.

Walimu na wazazi mliomo humu, nitenganisheje kukosoa serikali zetu na kukubali matusi? Na upande wa Botswana niupe hoja gani zenye nguvu? Mdahalo ni Ijumaa.