Saa ya mtoto yenye laini: sauti yake inakaa wapi?

MamaTwins_Donholm
Wadau, hizi saa za watoto za Luthuli Avenue, Nairobi, zenye laini na GPS hutuma ujumbe wa sauti kupitia apu. Sauti hizo huhifadhiwa wapi, na mzazi anaweza kudai zifutwe? Shule nayo inalalamika kwamba saa inasikiza darasa zima.

fundi_wa_laini
Kwa nyingi za bei nafuu, ujumbe hupitia seva ya mwenye apu, mara nyingi nje ya nchi. Ukiufuta kwenye simu yako, nakala ya huko inaweza kubaki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni SMS. Saa nyingi hutoka kiwandani na nywila 123456. Anayeijua nambari ya laini hutuma amri ya kusikiliza, saa ikampigia kimyakimya bila mtoto kujua. Badilisha nywila kabla ya kumvalisha. Amri huwa kwenye kijitabu. Kisha weka orodha ya nambari zinazoruhusiwa, halafu tuma amri kutoka laini ambayo haimo. Usiruke jaribio hilo: kuna saa ambazo orodha huzuia simu tu, SMS zinapenya. Ikijibu, irudishe dukani.

wakili_mtaani
Mama, unaweza. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinataka ridhaa ya mzazi kabla data ya mtoto kushughulikiwa, na cha 27 kinakuruhusu kutumia haki zake kwa niaba yake.

Omba nakala kwanza, ndipo udai kufutwa. Ukigeuza mpangilio huo unapoteza ushahidi. Kwa kanuni za 2021, nakala hutolewa bila malipo ndani ya siku 7. Ombi la kufuta hujibiwa ndani ya siku 14. Taja IMEI (nambari ya utambulisho wa kifaa), nambari ya laini na tarehe ulipofungua akaunti. Wakinyamaza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Uchunguzi una siku 90. Faini hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Shida ni kampuni isiyo na ofisi hapa. Sheria inaigusa, lakini kuikamata ni kazi nyingine. Apu isiyoonyesha anwani wala sera ya faragha, iache.

mwalimu_Kayole
Shule ina hoja. Ujerumani ilipiga marufuku saa zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri mwaka 2017, na mojawapo ya sababu ni wazazi waliowasikiliza walimu wakifundisha. Kwetu kuna Ibara ya 31 ya Katiba: faragha ya mawasiliano ni ya mwalimu na watoto wengine pia. Kuweka “hali ya darasani” kunatosha?

fundi_wa_laini
Hapana, mwalimu. Hali hiyo hufunga michezo na simu. Amri ya kusikiliza inaweza kubaki wazi. Izimwe kabisa langoni. Na kabla ya kuiuza, ondoa saa kwenye akaunti yako, la sivyo utaendelea kumfuatilia mtoto wa mwenzako.