Mjadala: Mwananchi aliyevaa ndala azuiwe getini ofisi ya umma?

Mjukuu wa Irugwa:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni. Mama yangu mkubwa ametoka kisiwani Irugwa, kapanda mtumbwi, kafika Nansio, kapanda meli mpaka Mwanza, kaenda ofisi moja ya umma hapa mjini kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Mlinzi akamtazama miguuni, akamwambia, "Mama, na ndala huingii." Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, kitenge kipya, kilemba kichwani, ndala zimeoshwa zinang'aa. Kule anakotoka mtumbwi hauna gati, abiria anapanda na kushuka maji yakiwa magotini. Mtu wa safari hiyo avae kiatu gani?
Ninachotaka tujadili: ule waraka wa mavazi wa mwaka 2007 ni wa watumishi wa umma. Mwananchi anayefuata huduma unamhusu nini? Mimi nasema haumhusu, na anayemrudisha mama wa watu kwa sababu ya ndala anamnyima haki yake.

Ngosha wa Buhongwa:
Pole sana kwa mama mkubwa. Niko upande wako moja kwa moja. Cheti ni cha mtoto, mtoto hana kosa, na ndala hazijasaini fomu yoyote.

Mtumishi Makini:
Nafanya kazi serikalini mwaka wa kumi na tisa huu na nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Getini pamebandikwa picha: kaptula, vimini, nguo za kubana, kandambili. Kila anayeingia anaziona. Ndala ni za kwendea bafuni. Harusini huendi na ndala, mahakamani huendi na ndala, kwa nini ofisini uone ni sawa? Tatizo letu Mwanza tumezoea mwaloni. Mtu anatoka Kirumba ananuka dagaa, magamba ya samaki miguuni, anataka aingie vilevile kila mahali. Hili ni jiji sasa, siyo mwalo.

Mama Dotto wa Mwaloni:
Mtumishi Makini, mimi ni mtu wa Kirumba na umenigusa, kwa hiyo nakujibu mimi.
Unajua unachokisema? Dagaa wabichi wakishushwa, maji yanachuruzika kutoka kwenye ndoo mpaka katikati ya vidole. Ukivaa kiatu cha kufunika, yale maji yanabaki humo humo, jioni mguu umekwajuka mweupe, kesho yake kiatu hakivaliki. Ndala nasuuza kwa maji ya bomba, dakika moja imekwisha. Magamba ya sato yakikauka kwenye kifundo cha mguu unayabandua kwa ukucha, hayatoki kwa kufuta. Hiyo ndiyo kazi. Dagaa wa mwalo huu wanakwenda Kongo, wanakwenda Rwanda, wanakwenda Burundi, wageni wanakuja na hela zao mpaka hapa kwetu. Nimesomesha watoto watatu kwa hiyo harufu unayoisema. Wewe mshahara wako unatoka wapi, mbinguni?

Kijana wa Nyegezi:
Mama Dotto shikamoo, umesema yote. Ila mimi kwa upande wa wanaume nitamuunga mkono Mtumishi kidogo. Kuna wanaume humu mjini wanavaa ndala wakiwa na makucha marefu, kisigino kimepasuka, halafu anakaa mgahawani ananyoosha miguu mbele ya watu wanaokula. Ndala siyo tatizo. Tatizo ni mguu uliomo ndani yake. Ukitaka kuvaa kiatu cha wazi, jitunze kwanza.

Ngosha wa Buhongwa:
Kisigino kilichopasuka ni cha mtu anayefanya kazi. Anayebeba mawe Igogo akapakwe mafuta na nani?

Kijana wa Nyegezi:
Kaka, mafuta ya mgando yanauzwa kila duka. Usifanye uchafu kuwa ushujaa.

Dada wa Igoma:
Mbona siku zote mnaongelea miguu ya watu wa chini? Nenda Capri Point Jumapili uone wenye magari makubwa wanashuka na ndala na kaptula. Hao wanaitwa wamepumzika. Akivaa mama wa Irugwa anaitwa hana adabu. Ndala ni zile zile, soli ya mpira na mkanda wa kuingia katikati ya vidole.

Mtumishi Makini:
Mama Dotto, mimi sikutukana kazi ya mtu. Nimesema harufu. Harufu ni harufu. Tunahudumia watu wengi kwa siku kwenye chumba kisicho na feni.

Mama Dotto wa Mwaloni:
Basi lilia feni, usililie ndala.

Jirani wa Msikiti:
Asalaam alaykum. Mtumishi anasema ofisi ni mahali pa heshima ndiyo maana ndala hazifai. Msikitini ni mahali pa heshima kuliko ofisi yoyote duniani na ndani tunaingia peku. Viatu vyote, cha ngozi na cha plastiki, vinabaki mlangoni pamoja. Kwa hiyo heshima haikuwekwa kwenye kiatu. Na Ijumaa wengi tunakwenda na ndala kwa makusudi, kwa sababu ukienda na kiatu kizuri unaweza kurudi nyumbani bila kiatu.

Kijana wa Nyegezi:
Hilo la wizi wa viatu msikitini ni kweli kabisa. Binamu yangu alikwenda na raba mpya akarudi na ndala mbili za kushoto.

Jirani wa Msikiti:
Ndugu, nimesema jambo la heshima, wewe umeokota la wizi.

Baba Kulwa:
Wanaoiba siyo waumini, ni vibaka wa mjini wanaojua saa ya swala. Kanisani kwetu wanaiba simu. Tusiliweke jambo hili upande mmoja.

Jirani wa Msikiti:
Hakuna aliyesema upande mmoja, Baba Kulwa. Soma vizuri.

Nesi wa Mlimani:
Naombeni niingie hapa kwa sababu naona mnagombana kuhusu adabu na mnaiacha afya. Mimi ni muuguzi. Ndala ni bora mara nyingi kuliko peku: safura inapenya kwenye ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi, hapo hata ndala nyembamba inasaidia. Lakini msidanganyike kwamba inakinga kichocho. Kichocho kinatoka kwa konokono wa majini na kinaingia kupitia ngozi mguu ukiwa ndani ya maji ya ziwa, uwe na ndala au usiwe nayo.
Na mgonjwa wa kisukari asivae ndala ya mkanda wa katikati ya vidole. Mguu ukishapoteza hisia, ule mkanda unachubua hajui, anakuja kwetu kidole kimeshaoza. Huyo avae kiatu laini cha kufunika, na kila jioni akague nyayo zake.
La mwisho ni bodaboda. Dereva anaendesha na ndala, pikipiki ikilala ni kidole na kisigino vinavyosagwa kwenye lami. Nimefunga vidonda hivyo mara nyingi mno. Abiria, kataeni boda mwenye ndala.

Boda wa Mabatini:
Dada nesi, hapo umetuonea. Mimi naendesha mvua na jua. Masika ile Machi mpaka Mei barabara za huku mlimani ni matope na maji yanayoshuka toka kwenye mawe. Raba ikilowa asubuhi, siku nzima mguu umelowa. Nikivaa gambuti abiria ananiuliza naenda shamba? Halafu wewe unaniambia nikataliwe na abiria wangu. Watoto wangu utawalisha?

Nesi wa Mlimani:
Kaka yangu, sikatai kwamba una watoto. Nataka wakuone ukirudi jioni una vidole kumi. Gambuti ni kiatu cha kazi, vaa, anayecheka acheke.

Dada wa Igoma:
Mimi boda wa ndala simpandi, na siyo kwa majeraha tu. Kwenye ile miteremko ya Bugando anashusha mguu kusaidia breki, ndala inachomoka mkanda, anaanza kuitafuta kwa mguu huku tunaenda. Niliona kwa macho yangu.

Boda wa Mabatini:
Huyo ni mmoja. Usituchanganye.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, nimesoma yote. Historia ipo. Mwaka 1931 Gandhi alikaribishwa ikulu ya Buckingham na Mfalme George wa Tano, akaenda na shuka lake na makubazi. Mfalme wa dola kubwa namna ile alimpokea. Mlinzi wa geti la Mwanza ni nani? Na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku kabisa. Mguu wa Mwafrika usidharauliwe.

Ngosha wa Buhongwa:
Mwalimu, shikamoo. Bikila huyo huyo Tokyo 1964 alivaa viatu, akashinda tena, na kwa muda mfupi zaidi. Hiyo ni hoja ya Mtumishi, siyo yetu.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Alivaa kwa hiari yake, na Roma hakuna aliyemzuia kwenye mstari wa kuanzia. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Mtumishi Makini:
Makubazi ni ngozi, Mwalimu. Mimi makubazi sijayakataza popote. Na hata Marekani walipigizana kelele mwaka 2005, wale mabinti wa timu ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Northwestern walipokwenda Ikulu kwa Rais Bush, baadhi yao wamevaa ndala. Picha ikatoka, nchi nzima ikawasema.

Dada wa Igoma:
Ikawasema, ila waliingia. Walipiga picha na rais wakiwa nazo miguuni. Umejijibu mwenyewe.

Fundi Viatu Mlango Mmoja:
Wote hamjaniuliza mimi ninayeshona. Ndala za siku hizi ni takataka. Soli inakatika kabla ya mkanda, mkanda ukichomoka tunaupiga msumari na kipande cha kizibo, mwezi haujaisha umetupwa. Tembea ufukweni baada ya mvua uone ndala moja moja zimezagaa na chupa za maji. Wenzetu Lamu walijenga jahazi kwa plastiki chakavu, Flipflopi, ubavuni wamebandika ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa pwani. 2019 likaenda mpaka Zanzibar, 2021 likaletwa Ziwa Victoria. Sisi ndala tunaliachia ziwa.
Vaeni katambuga. Tairi la gari, mkanda wa tairi, misumari mifupi. Haitelezi kwenye jiwe, haioni mwiba, babu zenu walichunga nayo.

Kijana wa Nyegezi:
Katambuga ni nzito, fundi, na zinachubua juu ya mguu. Nilivaa kidato cha kwanza, kovu ninalo.

Fundi Viatu Mlango Mmoja:
Ulishonewa na asiyejua. Mkanda lazima ukatwe upande wa ndani wa tairi, ule laini. Lete mguu nikupime.

Mjukuu wa Irugwa:
Ndugu zangu, tumefika Tokyo na Lamu. Mama mkubwa bado yuko getini. Naongeza jambo ambalo sikulisema mwanzo. Pembeni ya lile geti kuna kijana ana mfuko wa viatu vya kike. Unakodi Sh 1,000, unavaa, unaingia, ukitoka unarudisha. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mama kwa kidole. Akapewa namba 38, yeye anavaa 40, akaingia kisigino kikiwa nje kinakokota. Ndani hakuna aliyemtazama miguuni. Akaambiwa arudi Jumatano na tangazo la kizazi, ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa mtoto, kwa sababu la kwanza lina jina limekosewa.

Nesi wa Mlimani:
Viatu vya kuvaliwa na kila mtu bila soksi? Hayo ni mashamba ya fangasi. Mama aoshe miguu kwa sabuni, akaushe vizuri katikati ya vidole, akianza kuwashwa aende kituo cha afya mapema.

Baba Kulwa:
Hapo sasa tumefika penyewe. Mlinzi na mwenye mfuko ni kitu kimoja, wanagawana.

Mtumishi Makini:
Una ushahidi, Baba Kulwa? Kijana anajitafutia riziki kama wengine. Watu wakivaa vizuri hatapata mteja.

Dada wa Igoma:
Mtumishi, jibu hili: kama ndala zinaharibu heshima ya ofisi, kiatu cha kuazima kisichomtosha mama kimeirudishaje?

Mtumishi Makini:
Utaratibu ni utaratibu. Tukiruhusu mmoja, kesho watakuja na taulo.

Mama Dotto wa Mwaloni:
Usikimbilie taulo. Hakuna mama wa Irugwa aliyewahi kuvaa taulo akapanda meli. Na nakuuliza wewe unayejua utaratibu: mtu wa ushuru anapokuja mwaloni alfajiri, ananikuta nimevaa ndala zimelowa maji ya dagaa. Anapokea hela mkononi mwangu, ananikatia risiti, hajawahi kuniambia nikavae kiatu kwanza. Hela yangu mnaipokea na ndala, mimi mwenyewe mnanikataa na ndala?

Mwalimu Mstaafu:
Hapo mama umesema.

Mtumishi Makini:
Ushuru ni halmashauri, vyeti ni RITA, wakala wa usajili. Usichanganye.

Mama Dotto wa Mwaloni:
Mimi ninayelipa ni mmoja, sina miguu ya halmashauri na miguu ya RITA.

Boda wa Mabatini:
Samahanini, hilo la ushuru nalitaka. Hapo mwaloni siku hizi mnakatiwa risiti ya mashine au ile ya kuandika kwa kalamu? Nina mzigo wa mteja nilibeba juzi, nikadaiwa mara mbili, getini na tena barabarani.

Mama Dotto wa Mwaloni:
Ya mashine, mwanangu. Aliyekudai barabarani alikuwa na kitambulisho?

Boda wa Mabatini:
Hakuwa nacho. Alikuwa na kikoti na ndala.