Mrejesho: bunduki ya risasi moja kwa sungura na nguruwe pori

Wakuu, niliuliza kama bunduki ya marisau (vile vitone vidogo vya risasi vinavyotoka vingi kwa pamoja) ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, inayopakia risasi moja tu, inafaa kwa sungura na pia nguruwe pori. Inafaa, na nimeipenda kweli. Ushauri wa kuipima kwanza kwenye karatasi kubwa ndio ulionisaidia zaidi: kwa mita 25 marisau namba 6 (namba ni ya ukubwa wa vitone) yalienea vizuri, kwa mita 45 yakaacha mapengo ambayo sungura mzima angepita. Kwa nguruwe natumia slagi, ile risasi moja nzito, na sivuki mita 40. Kwa kuwa risasi ya pili huchelewa, nasubiri mnyama anipe ubavu, nalenga nyuma tu ya bega. Nyundo ya bunduki, kile kipande cha nyuma kinachovutwa ili iwe tayari kufyatuka, naivuta nikiwa tayari kufyatua, si kabla. Asanteni sana.