Naomba ushauri: nisome riwaya gani ya Kiswahili baada ya Peponi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, na msimu huu wa mvua nasoma kwa raha zangu tu, si kwa mtihani wala kwa kazi. Sasa hivi niko na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobel ya Fasihi 2021. Imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na ikatoka 2022. Jamani, Kiswahili chake kitamu! Yusuf anatolewa kwao akiwa mtoto kwa sababu ya deni la baba yake, halafu anaingia kwenye msafara wa biashara kwenda bara. Nasoma polepole makusudi ili isiishe.

Kabla ya hapo nilimaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin bado hajanitoka kichwani, nadhani hatanitoka.

Sasa naomba mnishauri. Ninyi mnasoma nini siku hizi? Napenda hadithi za pwani, lakini natamani sana riwaya inayotokea huku kwetu Kaskazini, yenye migomba, kahawa na familia zenye mambo yake. Za upelelezi pia nazipokea. Ushairi hapana, kwa sasa.

Pia, maduka mengi ya hapa mjini yamejaa vitabu vya shule. Kwa Moshi au Arusha, riwaya mnazipata wapi, hata za mitumba? Na kama kuna watu wanaoazimana vitabu, naomba mnikaribishe. Vyangu nitavileta.